Gari Likiua, Nani Asimame Kizimbani?

Usiku wa Machi 18, 2018, karibu saa nne, mwanamke mwenye umri wa miaka 49 alikuwa akivuka barabara ya Mill Avenue katika mji wa Tempe, jimbo la Arizona nchini Marekani. Alikuwa akikokota baiskeli, na hakuvukia kwenye pundamilia. Gari aina ya Volvo XC90 lilikuwa likija kwa mwendo wa kilomita 69 kwa saa, chini kidogo ya kikomo cha mahali pale. Ndani yake alikuwamo mtu mmoja kwenye kiti cha dereva, lakini hakuwa akiendesha. Gari lilijiendesha lenyewe kwa kompyuta, kamera na rada zilizofungwa na kampuni ya Uber, iliyokuwa ikilifanyia majaribio.

Mitambo ilimwona sekunde 5.6 kabla ya kumgonga. Huo ni muda wa kutosha kabisa kusimama. Lakini kompyuta ilianza kubahatisha: ikamwita gari, ikamwita kitu kisichojulikana, ikamwita baiskeli, kisha ikabadili tena. Kila ilipobadili jina ilisahau alikotoka, kwa hiyo haikuweza kukisia anakoelekea. Programu yenyewe haikuwa imeandikwa kutarajia kwamba mwenda kwa miguu angeweza kuvuka mahali pasipo na kivuko. Ilipong'amua hatimaye kwamba ajali ipo mbele, zilikuwa zimebaki sekunde 1.2, na hata hapo ilingoja sekunde nzima, maana wahandisi waliiagiza isifunge breki ghafla kwa kila hofu ya uongo. Volvo hulitengeneza gari hilo likiwa na breki zake za dharura zinazojifunga zenyewe. Uber walikuwa wakizizima kila kompyuta yao iliposhika usukani. Mwanamke yule aligongwa kwa mwendo wa kilomita 63 kwa saa, akafariki. Anahesabiwa kuwa mwenda kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari linalojiendesha.

Hapo sheria ikaanza kutafuta mtu wa kumkamata. Familia ilimalizana na Uber nje ya mahakama kabla ya wiki mbili kwisha. Machi 2019 mwendesha mashtaka wa kaunti ya Yavapai alitangaza kwamba haoni msingi wa kuishtaki kampuni kwa jinai. Jalada lilipelekwa kwake kwa sababu ofisi ya Maricopa, kaunti ambamo ajali ilitokea, iliwahi kushirikiana na Uber katika kampeni dhidi ya ulevi barabarani. Akabaki yule aliyeketi kwenye kiti, msimamizi wa gari. Mwaka 2020 alishtakiwa kwa kusababisha kifo kwa uzembe. Polisi walisema simu yake ilikuwa ikionyesha kipindi cha mashindano ya kuimba wakati gari likikimbia gizani. Julai 2023 alikiri kosa dogo zaidi, la kuhatarisha maisha, akapewa kifungo cha nje cha miaka 3 chini ya uangalizi.

Sitetei mtu kutazama simu akiwa nyuma ya usukani. Bodi ya Usalama wa Usafiri ya Marekani, NTSB, iliyochunguza ajali hiyo na kutoa matokeo yake Novemba 2019, ilimtaja msimamizi huyo kuwa chanzo kikuu, kwa kuwa alishindwa kulichunga gari. Lakini haikuishia hapo. Ilitaja pia kwamba kitengo cha Uber kilichokuwa kikijaribu magari hayo hakikupima hatari ipasavyo, hakikuwasimamia wasimamizi wake, na hakikuchukua hatua za kuzuia ule uzembe unaomwingia binadamu anapoketi saa nyingi akitazama mashine ikifanya kazi yake vizuri. Awali kila gari lilikuwa na watu wawili, mmoja akitazama barabara na mwingine akitazama kompyuta. Mwishoni mwa 2017 kampuni ikapunguza, akabaki mmoja. Jimbo la Arizona nalo lililaumiwa kwa usimamizi hafifu. Desemba 2016, California ilipofuta usajili wa magari ya majaribio ya Uber kwa kukosa kibali, gavana wa Arizona, Doug Ducey, aliyakaribisha kwa mikono miwili, na amri yake ya mwaka 2015 haikuwa imeweka masharti mazito.

Kupunguza msimamizi, kuzima breki za Volvo, kuandika programu isiyomtambua mtu anayevuka pasipo kivuko: haya yalikuwa maamuzi, na yalipitishwa mchana, ofisini, miezi kadhaa kabla ya usiku ule. Aliyeadhibiwa ni mwajiriwa wa chini kuliko wote katika mlolongo huo. Abiria wa Dar es Salaam wanaujua mfano wa karibu: tajiri wa daladala anapanga hesabu ya siku isiyofikika bila kukimbizana, gari linapopinduka anayepelekwa kituoni ni dereva. Mtafiti Madeleine Clare Elish ameuandikia mtindo huu kwa upande wa mitambo. Anaulinganisha na sehemu ya mbele ya gari iliyoundwa ibonyee ili kunyonya mshtuko wa ajali. Katika mifumo inayojiendesha, anasema, binadamu aliye karibu na mashine ndiye anayewekwa abonyee, anyonye lawama, ili mfumo wenyewe na walioubuni wabaki wazima.

Hoja yangu katika makala haya ni kwamba gari linalojiendesha halijaleta swali jipya la falsafa. Limeleta nafasi mpya ya kukwepa wajibu, na nafasi hiyo itazibwa tu na sheria zinazotaja mapema, kwa maandishi, nani anabeba nini.

Sheria za barabarani duniani zimejengwa juu ya mtu mmoja, dereva. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani unasema kila chombo kinachotembea lazima kiwe na dereva, na dereva huyo awe na uwezo wa kukitawala wakati wote. Ilibidi mkataba huo uongezewe kifungu kipya, kilichoanza kutumika Julai 2022, ili kuyapa nafasi magari yanayojiendesha katika nchi ambazo sheria zake zinayaruhusu. Kabla ya hapo, gari lisilo na dereva lilikuwa halina mahali pa kusimama katika kitabu cha sheria.

Uingereza imelijibu swali hili kwa uwazi kuliko wengi. Sheria yao ya Magari Yanayojiendesha, iliyopata idhini ya mfalme Mei 20, 2024, inasema kwamba gari likiwa limeidhinishwa na linajiendesha, aliye kwenye kiti hashtakiwi kwa makosa ya uendeshaji. Likipita taa nyekundu si kosa lake. Anabaki na wajibu mwingine, kama bima na mikanda ya abiria, na wa kushika usukani gari linapomwomba kwa njia iliyowekwa. Wajibu wa jinsi gari linavyoendeshwa unahamia kwa kampuni iliyoomba idhini na kulihakikishia taifa kwamba gari hilo ni salama. Sheria hiyo pia inafanya kuwa kosa kulinadi gari kwa wananchi kwamba linajiendesha ilhali halijaidhinishwa hivyo. Kifungu hicho nakipenda hasa. Watu wamekufa kwa kuamini jina la kibiashara lililopambwa kuliko uwezo wa mashine.

Kuhusu fidia, Waingereza walishatangulia tangu 2018: bima inamlipa majeruhi kwanza, halafu kampuni ya bima ndiyo inayomfuata mtengenezaji ikiona kasoro ilikuwa kwake. Aliyevunjika miguu halazimiki kukodi wahandisi wa kompyuta ili apate hela za hospitali. Ujerumani nayo, ambako mmiliki wa gari amebeba dhamana ya madhara hata bila kosa lake tangu mwaka 1909, iliona haina haja ya kubuni upya. Mwaka 2021 ilipitisha sheria ya magari yasiyo na dereva kabisa katika maeneo maalumu, ikataka kila gari liwe na msimamizi wa kiufundi, binadamu, anayeweza kulizima akiwa mbali.

Marekani haina sheria moja. Kila jimbo linajipangia, na makampuni yanachagua pa kwenda. Septemba 2025 polisi wa mji wa San Bruno, California, wakiwa kwenye msako wa madereva walevi, waliliona gari la Waymo, kampuni ya teksi zinazojiendesha, likigeuza mbele yao mahali palipokatazwa. Wakalisimamisha. Ndani hamkuwa na mtu. Hawakuweza kuandika faini, kwa sababu fomu inahitaji jina la dereva, na walichoweza kufanya ni kuwapigia simu wenye gari. California imeshapitisha sheria, inayoanza kutumika Julai 2026, ya kuwaruhusu polisi kutoa taarifa ya ukiukaji kwa kampuni yenyewe.

Kwangu, jambo zito kuliko faini ni ushahidi. Katika ajali ya kawaida watu huulizwa: umeona nini, alikuwa anakimbia kiasi gani, alipiga honi? Katika ajali ya gari linalojiendesha, shahidi mkuu ni gari lenyewe. Lina kamera pande zote, lina kumbukumbu ya kila sehemu ya sekunde. Na shahidi huyo ni mali ya mtuhumiwa.

San Francisco iliona maana yake Oktoba 2, 2023. Mwanamke mmoja aligongwa usiku na gari lililoendeshwa na binadamu, ambaye alikimbia. Akarushwa mbele ya teksi isiyo na dereva ya kampuni ya Cruise, iliyokuwa ikimilikiwa na General Motors. Teksi ilifunga breki lakini ikamgonga, ikasimama. Hadi hapo hata dereva makini angeweza kushindwa. Kisha kompyuta, bila kutambua kwamba mtu yuko chini ya gari, ikaamua kusogea pembeni ili isizuie njia, na kumburuta takribani mita 6. Aliokoka akiwa na majeraha mabaya.

Katika taarifa za mwanzo kwa umma na kwa wasimamizi, Cruise walieleza jinsi gari lilivyosimama. Kuburutwa hakukuelezwa waziwazi. Oktoba 24 idara ya magari ya California ilisimamisha vibali vyao, ikisema kampuni imeficha habari. Mkuu wa kampuni, Kyle Vogt, alijiuzulu mwezi uliofuata. Mwaka 2024 kampuni ikakubali kulipa dola milioni 1.5 kwa mamlaka ya usalama barabarani ya Marekani, NHTSA, na faini nyingine ya dola 500,000 huku ikikiri kwamba ilitoa ripoti ya uongo kwa lengo la kuathiri uchunguzi. Desemba mwaka huohuo General Motors ikaacha kuifadhili biashara hiyo ya teksi. Kosa la mashine lilikuwa la sekunde chache. Kilichoiangusha kampuni ni watu waliokaa vikaoni wakiamua nini kisemwe.

Miami, Agosti 2025, baraza la wazee wa mahakama ya shirikisho lilipima kesi ya ajali ya mwaka 2019 huko Key Largo, ambapo Tesla iliyokuwa imewashiwa mfumo wake wa Autopilot ilipita mwisho wa barabara na kumuua msichana wa miaka 22 aliyekuwa amesimama kando. Dereva alikiri kwamba alikuwa ameinama akitafuta simu iliyoanguka. Baraza lilimbebesha yeye theluthi mbili za lawama, na Tesla theluthi moja, kisha likaiamuru Tesla ilipe zaidi ya dola milioni 240, sehemu kubwa ikiwa ya kuiadhibu. Katika kesi hiyo upande wa walalamikaji ulilazimika kumtumia mtaalamu wao kuzifufua data za gari. Tesla ilisema Autopilot si mfumo wa kujiendesha na dereva hubaki na wajibu. Lakini wananchi wale waliosikiliza ushahidi kwa wiki tatu waligawa lawama, kitu ambacho Tempe hakikufanyika.

Hapa lazima nizungumzie ule mjadala unaopendwa na wengi: gari limekwama kati ya kumgonga mtoto au kumgonga mzee, lichague nani? Watafiti wa chuo cha MIT waliuweka mchezo wa aina hiyo mtandaoni, ukakusanya majibu takribani milioni 40 kutoka nchi na maeneo 233, na matokeo yakachapishwa katika jarida la Nature mwaka 2018. Ilidhihirika kwamba jamii zinatofautiana. Mahali pengine kijana anahurumiwa kuliko mzee, pengine si sana. Tume ya maadili ya Ujerumani, chini ya jaji wa zamani Udo Di Fabio, ilikuwa imeshakataa mwaka mmoja kabla: mashine isiruhusiwe kuwapambanua watu kwa umri, jinsia wala hali ya mwili. Nakubaliana na tume. Na naenda mbele zaidi: mjadala huo unatupotezea muda. Tempe hakukuwa na mzee na mtoto. Kulikuwa na barabara pana, mtu mmoja, na sekunde tano. Swali lilikuwa kama mwenye mradi alipe mshahara wa msimamizi wa pili. Maswali ya uhai na kifo katika magari haya yanaamuliwa kwa namna hiyo, katika bajeti, katika kiwango cha unyeti wa breki, katika uamuzi wa lini gari liko tayari kwenda barabarani, na hakuna anayewaita wananchi waje kuyapigia kura.

Kuna jambo jingine Tempe linalonikera. Msemo uliorudiwa siku za mwanzo ni kwamba marehemu alivuka pasipo ruhusa. Ni kweli. Lakini katikati ya barabara ile palikuwa na kisiwa chenye vijia vilivyopambwa kwa matofali, vinavyoonekana kabisa kumwalika mtu apite, halafu pamewekwa bango la kumkataza. Mwanahistoria Peter Norton ameeleza katika kitabu chake cha mwaka 2008 jinsi kosa la kuvuka barabara ovyo lilivyojengwa Marekani miaka ya 1920. Kabla ya hapo barabara ilikuwa ya wote: watoto, wachuuzi, farasi, tramu. Magari yalipoanza kuua maelfu, hasira za watu zilikuwa juu ya madereva. Wenye biashara ya magari wakafanya kampeni, wakashawishi miji itunge sheria, Los Angeles ikiwa mbele mwaka 1925, hadi aliyekuwa na haki ya kutembea akageuka mkosaji. Ninahofia mageuzi ya pili ya aina hiyo. Ikiwa kompyuta inashindwa kumtambua mtu asiyefuata mistari, ni rahisi kuitaka serikali iweke uzio, iongeze faini, na kumlazimisha binadamu atembee kwa namna mashine inayoielewa.

Wasomaji wa Nairobi waifikirie Thika Road, na wa Dar es Salaam waifikirie Morogoro Road jioni watu wanapotoka kazini. Mama mwenye beseni kichwani havuki katikati ya magari kwa kupenda hatari. Anavuka kwa sababu kivuko kiko mbali na kituo anachoshukia.

Baada ya kusema yote hayo, haki inataka niseme na upande wa pili, nao ni mzito. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu milioni 1.19 hufa kila mwaka katika ajali za barabarani, na zaidi ya 9 katika kila vifo 10 hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ingawa nchi hizo zina takribani asilimia 60 tu ya magari yote duniani. Kompyuta hailewi. Haisinzii saa kumi alfajiri kati ya Mikumi na Iringa. Waymo, kampuni ndugu ya Google, iliyoanza kubeba abiria wa kawaida bila dereva huko Phoenix mwaka 2020, ilishirikiana na kampuni ya bima ya Swiss Re kuchambua maili milioni 25.3 za safari zake. Desemba 2024 wakatangaza kwamba madai ya bima kwa majeraha yalikuwa pungufu kwa asilimia 92 kuliko ya madereva binadamu. Takwimu hizo zimetoka kwa mwenye mali, na ni za miji yenye ramani safi na hali ya hewa nzuri, lakini hazipaswi kupuuzwa. Wapo pia watu ambao usafiri huu unawafungulia maisha. Oktoba 2015 Google walimweka mzee asiyeona, peke yake, ndani ya gari lisilo na usukani wala pedali, likamzungusha katika mitaa ya Austin, Texas. Chama kikubwa cha wasioona nchini humo kimekuwa mstari wa mbele kudai magari haya. Ni vigumu kumwambia mtu ambaye maisha yake yote amesubiri kupelekwa na wengine kwamba asubiri tena.

Ndiyo maana sisemi mashine hizi zizuiwe. Nasema faida ya watu wengi isitumike kuziba kinywa cha mmoja aliyeumizwa. Tena miji inayobeba majaribio iwe na sauti. Agosti 10, 2023, tume ya huduma za umma ya California iliziruhusu Waymo na Cruise kutoza nauli usiku na mchana San Francisco nzima, ingawa mkuu wa zimamoto wa jiji, Jeanine Nicholson, alikuwa amelalamika kwamba magari hayo yameingilia kazi ya vikosi vyake mara kadhaa mwaka huo, mengine yakisimama mbele ya magari ya zimamoto. Jiji lilipinga, uamuzi haukuwa wake. Wanaharakati walikuwa wameshagundua kwamba ukiweka koni ya barabarani juu ya boneti, gari linaduwaa na kusimama, na wakawa wanafanya hivyo usiku. Februari 2024 umati ulichoma moto gari la Waymo katika mtaa wa Chinatown. Sikubaliani na kuchoma mali. Lakini watu ambao hawakuulizwa hutafuta njia ya kujibu.

Suala la ajira linakuja kwetu moja kwa moja. Julai 2024 huko Wuhan, China, ambako kampuni ya Baidu ilikuwa na mamia ya teksi zisizo na dereva zenye nauli ya kutupa, madereva wa teksi waliwasilisha malalamiko kwamba wananyang'anywa riziki. Ghuba nako mambo yanakwenda kasi. Dubai ilitangaza mwaka 2016 kwamba inataka robo ya safari zake zifanywe na vyombo vinavyojiendesha ifikapo 2030, na Abu Dhabi imekuwa na teksi za kampuni ya WeRide kwenye programu ya Uber tangu Desemba 2024. Anayeendesha teksi katika miji hiyo leo ni mgeni, na miongoni mwao wapo vijana wengi wa Kenya na Uganda waliolipa mawakala, wakaacha familia, wakapata leseni kwa taabu. Hawana chama cha wafanyakazi cha kuwasemea na hawana kura. Teksi zikibadilika, mkataba wao utaisha tu na viza pamoja nao. Serikali zetu, zinazosaini makubaliano ya kupeleka wafanyakazi huko, zina nafasi ya kuliweka jambo hili mezani sasa.

Na Nairobi kuna kazi nyingine, isiyoonekana, inayoyawezesha magari hayo kuona. Ili kompyuta ijue kwamba hili ni mti na yule ni mtu, binadamu lazima akae mbele ya skrini achore mpaka wa kila kitu kwenye picha, kipande kwa kipande, maelfu ya mara. Kampuni ya Sama, iliyojulikana zamani kama Samasource, imeajiri vijana wa Nairobi kwa kazi hiyo. Mwaka 2018 BBC iliwatembelea, wengine wakiwa wakazi wa Kibera, na kuripoti malipo ya takribani dola 9 kwa siku. Jukwaa jingine la kazi za aina hiyo, Remotasks la kampuni ya Scale AI, liliwafungia Wakenya milango Machi 2024 kwa taarifa ya muda mfupi tu. Kijana wa Kibera ameyafundisha magari ya California kumtambua mwenda kwa miguu. Hatajwi popote gari linapofanya vizuri. Nataka iandikwe mahali kwamba likifanya vibaya pia asije akatafutwa yeye, kwa hoja kwamba mchoro wake ulikuwa na kasoro. Lawama inaposhuka kuelekea kwa mdogo, haina sababu ya kukomea Arizona.

Teksi isiyo na dereva haitaonekana Kariakoo wala Gikomba hivi karibuni. Lakini vipande vya teknolojia hiyo vimeshatua bandarini Mombasa na Dar es Salaam. Magari yaliyotumika Japani, ambayo ndiyo tunayonunua, yanakuja na mifumo ya kushika mstari, kufunga breki yenyewe na kufuata gari la mbele. EyeSight ya Subaru ni mfano unaojulikana, na Toyota wana yao. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lenye zaidi ya miaka 8, hivyo kila mwaka yanayoingia yana kompyuta zaidi. Maandishi ya kwenye kioo mara nyingi ni ya Kijapani, na mmiliki wa tatu hajui mfumo upi umewashwa. Kamera inatafuta mistari myeupe ambayo barabarani ilishafutika.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, Sura ya 168, ni ya mwaka 1973. Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, ni ya zamani zaidi. Zote zinamjua dereva peke yake. Si lazima zingoje gari kamili lisilo na mtu ndipo zirekebishwe. Bima ya mtu wa tatu ni ya lazima katika nchi zote mbili, kwa hiyo msingi wa kumlipa majeruhi kwanza na kutafuta mkosaji baadaye upo. Kinachohitajika ni kifungu kinachosema haijalishi kama breki zilifungwa na mguu au na kompyuta. Mwagizaji wa gari anaweza kutakiwa kumkabidhi mnunuzi orodha ya mifumo iliyomo, kwa Kiswahili au Kiingereza. Mahakama inaweza kupewa mamlaka ya kuamuru kumbukumbu za gari zitolewe ndani ya siku chache baada ya ajali, kabla hazijafutika, na askari wa usalama barabarani wakafundishwa na kupewa vifaa vya kuzisoma. Bunge linalotaka kuanza lina mahali pazuri pa kuanzia, nayo ni fomu ya ripoti ya ajali: ongezeni mstari mmoja unaouliza mfumo gani wa kujiendesha ulikuwa umewashwa, na nani aliuweka.